Nafasi Tupu Chini ya Jedwali

Mwezi ule wa mwanzo ambao Mama Vifungo hakuliona jina lake kwenye kioo cha matangazo, alidhani wanamhurumia. Jedwali la zamu za usafi lilikuwa limebandikwa palepale pa siku zote, karibu na mlango wa jengo, ndani ya kisanduku cha kioo chenye kufuli, ambacho hakiingizi zaidi ya karatasi moja. Alisoma tangu mlango wa kwanza, akapita wapangaji wa chini, wa kati na wa juu, mpaka kwa jirani yake wa ubavuni. Baada ya hapo, weupe mtupu. Akajisemea moyoni kwamba majirani zake wana utu kuliko alivyowadhania. Wamemwacha mjane apumzike. Akapanda kwake, na siku hiyo hata chai aliiona tamu.

Mwezi uliofuata hakuliona tena, na safari hii chai haikuwa tamu. Huruma gani hii isiyosemwa? Mtu akikuhurumia huja kukuambia, ili apate kushukuriwa. Mama Vifungo alikuwa amewashonea watu wa jengo lile mapazia, sare za shule na magauni ya harusi. Aliwajua viuno na aliwajua tabia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwachia mtu kitu kimyakimya.

Kama shaka yake ilikuwa moto wa makaa, aliyekuja kuipulizia alikuwa jirani huyo wa ubavuni. Jengo zima lilimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua anazimwa wapi. Aliingia bila kubisha, ameshika karatasi kwa ncha za vidole.

"Nimeiokota nyuma ya mapipa ya taka," alisema. "Soma mwenyewe, mimi sitaki kuonekana mchochezi."

Ilikuwa karatasi nyeupe karibu yote. Juu kabisa palikuwa na mstari mmoja wa jedwali, bila hata vichwa vya kuonyesha hiki ni nini na kile ni nini. Namba ya mlango wao. Kisha "Mama Vifungo na Mzee Saa", maana Katibu wa jengo alikuwa ameandika kila mtu kama anavyoitwa ngazini, akijua kuwa majina ya vitambulisho hakuna anayeyafahamu. Kisha siku ya zamu. Halafu kile kisanduku cha maelezo, kilichojaa maneno tele kuhusu goti la mumewe, huyo Mzee Saa. Hayo Mama Vifungo hakujisumbua kuyasoma. Marehemu aliyatamka mwenyewe mkutanoni enzi za uhai wake, na watu waliyasikia mpaka wakachoka. Alichotazama ni siku. Ilikuwa imeshapita.

"Wamekutupa ukurasa wa pili," alisema Redio. "Peke yako, kama mgonjwa wa kuambukiza."

"Labda nafasi iliisha."

"Nafasi? Mwenzangu, hiyo nafasi umeitazama?"

Mama Vifungo alishuka na futi yake ya kushonea, ile ya utepe. Aliilaza juu ya kioo, akapima pale chini ya jina la Redio, pale palipoishia jedwali. Weupe ulikuwa mpana wa kiganja. Wangeingia wapangaji watatu na paka wao. Basi haikuwa kwamba nafasi iliisha. Nafasi ilikuwepo na yeye akatolewa, na hicho ndicho kilichomchoma, kwa sababu fundi haachi kitambaa kizuri chote hicho bila sababu.

Na sababu ilikuwepo, wala haikuhitaji kutafutwa kwa tochi. Chini ya ngazi, mkabala na kisanduku cha kioo, palikuwa na kijisehemu kilichotosha cherehani moja, kiti kimoja na mteja mmoja mwembamba. Mama Vifungo alishonea hapo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kanuni za jengo zilisema kwamba anayekwepa zamu mara mbili mfululizo hunyang'anywa matumizi ya eneo la pamoja, na mkutano ulikuwa Jumapili. Aliyepanga ajenda ni Katibu. Aliyepanga jedwali ni Katibu. Na dada yake Katibu, ambaye ni msusi, alikuwa ameonekana si mara moja akisimama pale chini ya ngazi, mikono kiunoni, akisema kuwa kioo kikubwa kingekaa vizuri ukutani.

"Unganisha mwenyewe," alisema Redio. Mama Vifungo aliunganisha. Kuunganisha ndiyo kazi yake.

Tangu hapo kila alichofanya Katibu kilikuwa ushahidi. Alikuwa kijana mwalimu wa udereva, mpole kupita kiasi, anayeongea kwa vituo kama mtu anayekanyaga breki. Alipomwamkia, Mama Vifungo aliona kuwa shikamoo yake imetoka chini sana na macho yamekwenda kwenye funguo za gari alizoshika. Alipopita na bahasha kwapani, aliona kuwa bahasha imebanwa mno. Siku moja alisimama mbele ya cherehani akasema, "Mama, hivi, lile suala la...", kisha akameza mate, akauliza kama uzi mweusi upo. Alinunua uzi mweusi wa nini? Mtu anayefundisha watu kurudi nyuma na gari anashona nini? Mama Vifungo aliutoa uzi huku akimtazama usoni mpaka kijana akasahau chenji.

Usingizi ulimpotea. Hakulilia zile shilingi za mapazia. Pale chini ya ngazi ndipo alipokuwa mtu. Akikaa juu, mlango umefungwa, saa za ukutani ambazo mumewe, fundi saa, aliziacha bila kutengenezwa zilikuwa zikimtazama, kila moja na wakati wake. Pale chini watu walipita, walisalimu, walilalamika kuhusu zipu. Wakimtoa pale, atabaki na saa mbovu. Hilo aliliogopa waziwazi, wala hakujidanganya.

Jumamosi alipiga moyo konde. Alichukua futi, akachukua ile karatasi iliyonuka mapipa, akaenda kugonga mlango wa Katibu, akaitikiwa, akaingia. Katibu alikuwa mezani, kompyuta mbele yake, printa imewashwa. Alipomwona, jambo la kwanza alilofanya ni kuugeuzia uso wa kompyuta ukutani.

Moyo wa Mama Vifungo ukasema, huyu nimemfumania.

"Geuza," alisema.

"Karibu kwanza ukae, mama."

"Nitakaa ukigeuza."

Katibu aligeuza taratibu. Kwenye kioo palikuwa na jedwali la mwezi unaokuja, ukurasa wa kwanza umejaa majina, chini yake ule weupe uleule, na ukurasa wa pili una mstari mmoja tu. Wa kwake.

"Kwa hiyo na mwezi ujao umeshanitupa," alisema Mama Vifungo, na sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyokusudia. "Kama ni dada yako anataka pale chini, mngekuja wawili mkaniambia. Ningekataa, lakini mngekuja."

"Dada aliniuliza, ni kweli," alisema Katibu. "Nikamwambia pale pana mwenyewe. Akaninunia."

"Ndiyo ukaamua kumridhisha kwa mlango wa nyuma."

"Mama, hiki kitu kinanitoa jasho. Njoo uone. Tafadhali."

Alivuta kiti cha pili. Mama Vifungo alikaa ukingoni, futi mkononi, tayari kutodanganywa. Katibu akaanza kumwonyesha, kidole kwenye kioo, kwa sauti ile anayowaonyeshea wanafunzi wake gia. Mwanzoni, alisema, alidhani ameacha mistari mitupu katikati, basi akabofya alama ya kuonyesha vilivyofichika, akaifuta yote, jedwali halikujali. Akadhani kuna mahali ameamuru ukurasa ukatwe, akatafuta, hakuna. Akapunguza herufi, Mwenyekiti wa jengo akamfokea kwamba sasa wanunuliwe miwani kwa gharama ya nani. Akabana pembezoni mwa karatasi mpaka printa ikaanza kukata namba za milango. Akamshuku hata dada yake, kwamba alipoiazima kompyuta kutazama mitindo alivuruga kitu kwa hasira.

"Na kuninyanyua mimi ukaniweka juu je?"

"Orodha inafuata namba za milango. Nikikuweka juu, kesho nusu ya jengo watakuja hapa kuniuliza wewe umewazidi nini."

Hilo Mama Vifungo aliliamini, kwa kuwa yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kuja.

"Ile karatasi ya pili nilikuwa naibandika kwa gundi chini ya kisanduku," aliendelea Katibu. "Sikujua inabanduka. Nilidhani unaisoma na unapuuza. Nikasema, nani atathubutu kumwambia."

"Sasa tatizo ni nini? Mbona wenzangu wote wameingia?"

Katibu alishika kipanya, akakiachia. Mama Vifungo akaona tena yale macho yanayokimbilia funguo, na shaka yake, iliyokuwa imeanza kukaa chini, ikasimama tena.

"Sema, mwanangu. Umefika mbali."

"Ni mstari wenyewe, mama. Ni mrefu kuliko nafasi iliyobaki. Halafu niliuwekea tiki usikatwe katikati. Sasa ukikosa kuingia wote, unahamia wote upande wa pili. Ndiyo maana panabaki peupe."

"Mrefu kwa nini? Jina langu si refu."

"Kwa sababu ya goti," alisema Katibu.

Mama Vifungo hakuelewa, kisha akaelewa. Aliinamia kioo, akakisoma kile kisanduku cha maelezo ambacho siku zote alikiruka kwa kuwa anakijua.

"Mzee Saa asipewe ngazi za juu wala kubebeshwa ndoo, kwa sababu ya goti lake la kulia. Mke wake asilaumiwe wala kuongezewa kazi kwa niaba yake. Ikiwa mvua imenyesha apewe siku nyingine, maana sakafu ya mlangoni huteleza, na yeye si wa kuanguka mbele ya watu. Haya yamekubaliwa na mkutano na yasibadilishwe bila yeye mwenyewe kuwepo."

Alimsikia mumewe kabisa. Alimsikia akisimama mkutanoni na fimbo yake, akiwagombeza watu wazima juu ya goti, yeye akiwa amekaa nyuma anatamani ardhi ipasuke. Usiku ule walikoseana maneno. Alimwambia amemwaibisha. Sasa aliisoma ile sehemu ya mke asilaumiwe mara ya pili, polepole.

"Zamani ulikuwa unakatika," alisema Katibu. "Maneno nusu huku, nusu kule. Mzee akaja hapa na fimbo, akaniambia, 'Umenikata goti katikati.' Ndiyo nikaweka ile tiki. Nikabana pembezoni, tukaenea wote, akaridhika. Halafu majuzi ile nyumba ya kati ikagawanywa, wakaingia wapangaji wawili pa mmoja, mstari ukaongezeka, na nyinyi mkaruka."

Aliondoa tiki ili amwonyeshe. Mstari ulipasuka papo hapo. Jina lake likapanda ukurasa wa kwanza pamoja na mwanzo wa maelezo, mpaka penye "mke wake asilaumiwe wala", na yaliyobaki yakaning'inia upande wa pili, bila kichwa. Mama Vifungo akacheka. Ilimtoka tu, kicheko cha puani, maana alimwona mzee akija na fimbo yake kulipigania lile goti. Katibu naye akacheka kidogo.

"Kwa hiyo wiki zote hizi ulikuwa unajua."

"Wiki hii tu ndiyo nimejua."

"Na hukuniambia. Ukanunua uzi."

"Ningekuambiaje, mama? Nije nibishe hodi kwako niseme naomba ruhusa ya kumfuta mzee?" Katibu aliangalia mikono yake. "Ulipogonga sasa hivi nilikuwa nimeshafuta. Nikarudisha. Nilifuta na jana, nikarudisha. Imeandikwa pale, asipokuwepo yasibadilishwe. Mkutano ulipitisha. Nani atamwita?"

Mama Vifungo alimtafuta kijana yule ujanja usoni, kwa mazoea, kama anavyotafuta pindo lililopinda, na alichokuta ni aibu tu. Ikamuuma. Alikuwa amemkata kijana huyu vipande kwa maneno chini ya ngazi mbele ya kila mteja mwenye masikio.

"Mimi nipo," alisema hatimaye. "Niliishi na hilo goti kuliko nyinyi wote. Nikiwepo mimi inatosha."

"Yakitoka haya, mama, na ngazi za juu utapangiwa kama wengine."

"Nipangie. Mimi magoti yangu mazima. Nibonyeze wapi?"

Katibu aliyapaka yale maneno rangi ya kuchagulia, akamwonyesha kitufe. Mama Vifungo alibonyeza kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama anayebandika kifungo cha chuma. Maneno yote yakaondoka kwa mara moja, na mstari ukapungua, ukaruka juu, ukakaa chini ya Redio kabla hajainua kidole. Ukurasa wa pili haukuwepo tena. Kazi yote iliyomtoa kijana jasho iliisha hivyo, na Mama Vifungo akaona ni haraka mno.

"Jina la mzee linaweza kubaki," alisema Katibu upesi. "Linaenea. Halisumbui chochote."

Ilikuwa kweli. Lilienea vizuri. Hapo hakuna mashine iliyomlazimisha, wala msusi, wala kanuni. Mama Vifungo alikaa akiitazama "Mama Vifungo na Mzee Saa" kwenye zamu ya Jumatano, akamfikiria mpangaji mpya wa nyumba ya kati akiisoma na kumngojea mzee ashuke na ufagio.

"Wataniuliza yuko wapi," alisema. "Nifutie. La, acha, nitafuta mimi."

Hiki hakikuwa cha kuondoka kwa mara moja. Katibu alimwekea alama mwishoni na yeye akafuta herufi moja moja, kuanzia nyuma. Saa ikaisha, kisha Mzee, na jina likabaki "Mama Vifungo na". Hapo kidole kilikataa. Alilitazama lile "na" lililobaki limeshika hewa, halina wa kumshika, na machozi yakamjaa bila kumwomba ruhusa. Katibu alisimama, akaenda kupanga karatasi kwenye printa ambazo hazikuhitaji kupangwa. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, "na" ilikuwa imeondoka, na Mama Vifungo alikuwa amejifuta uso kwa futi.

"Chapa," alisema.

Jumapili mkutanoni Katibu alisimama kabla ajenda haijasomwa. Alisema kosa lilikuwa la karatasi na la kwake, si la Mama Vifungo, na akaomba zile zamu mbili zisihesabiwe. Mwenyekiti alinung'unika kidogo ili aonekane mwenyekiti, kisha akakubali, na sehemu ya chini ya ngazi haikutajwa hata mara moja. Msusi alitazama dari tangu mwanzo hadi mwisho. Mama Vifungo alimkodolea macho muda wote huohuo, maana kumwamini kaka mtu si kumwamini dada.

Watu walipotawanyika, alimkuta Redio mbele ya kisanduku cha kioo, pua karibu igonge. Jedwali jipya lilikuwa ndani, limejaa juu hadi chini.

"Umerudi," alisema Redio. "Lakini njoo uone ujanja wao. Wamekuingiza wewe, wamemtoa mzee. Maelezo yake yote wameyafagia, hata jina. Si nilikwambia yule kijana si bure? Hili tulifikishe kwa Mwenyekiti sasa hivi, kabla kijana hajamwahi."

"Nimemfuta mimi," alisema Mama Vifungo.

Redio aligeuka. 

"Mimi mwenyewe, kwa kidole hiki. Amekufa, Redio. Alikufa siku nyingi."

Alitaka kuongeza jambo, labda kuhusu jedwali, lakini badala yake akakaa kwenye ngazi ya kwanza na kulia kwa sauti, hapohapo wanapopita watu, kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi. Wapangaji wapya wa nyumba ya kati walipita pembeni wakajifanya hawaoni. Redio alikusanya gauni lake, akakaa kando yake, akamshika mkono. Waliomuuliza jioni ile kulitokea nini pale mlangoni aliwaambia kuwa yeye hakuona kitu.